Ruhusa ya Kumtwaa Mke Wangu

Mtu wa kwanza niliyemwonea wivu Mombasa alikuwa mke wangu mwenyewe, na sababu ilikuwa salamu.

Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi Kibokoni. Mimi nikitoka asubuhi, wanaume waliokaa kwenye baraza ya nyumba yetu waliniamkia kwa heshima zote: sabalkheri, u hali gani, waonaje, wa nyumbani wazima, na huko Tanganyika hawajambo? Nilijibu moja moja, nikauliza zangu, nazo zikajibiwa moja moja, kisha kikaja kimya cha adabu ambacho maana yake ni kwamba sasa naweza kwenda zangu. Mke wangu akipita njia ile ile na kikapu chake cha sokoni, dirisha la juu lilifunguka upande huu, lingine upande ule, na sauti za wanawake nisiowaona zikamwita: "Wendapi na jua hili la mtana? Ndoo ndani kwanza, unywe maji!" Naye aliingia. Alipotoka, soko lilikuwa limeshafungwa, na kikapuni mlikuwa na ndimu na kipande cha mkate wa sinia.

Afadhali nieleze kwa nini jambo hilo liliniuma, maana nikilisema kavu kavu nitaonekana mtoto. Mombasa ilikuwa yangu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mimi ni mhadhiri wa historia Dar es Salaam, na nilikuwa nimefundisha mfululizo hadi nikastahili mwaka mzima wa likizo ya utafiti. Mimi ndiye niliyeuchagua Mji wa Kale, kwa kuwa nilitaka kuandika kitabu juu ya nyumba zake za mawe: nani alizijenga, vyumba vilipangwaje, watu waliishije ndani yake. Mke wangu hakutaka kuja. Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, fundi hodari wa kushona, na likizo yake isiyo na mshahara aliiomba shingo upande. Tangu basi lilipotoka Tanga alilia, mpaka tukafika kivuko cha Likoni. "Utazoea," nilimwambia, kwa sauti ya mwenyeji anayempokea mgeni, na hali mimi mwenyewe mji ule niliwahi kupita mara moja tu, nikiwa mwanafunzi.

Kumbe wa kuzoea alikuwa yeye. Mimi nilikuwa yule mkamia maji, na kweli sikuyanywa. Nyumba nilizokuja kuzichunguza zilinipokea hadi ukumbi wa mbele tu, pale wanaume wanapokaribishwa. Nilinyweshwa kahawa tungu, nikapewa halua, nikaulizwa habari za mvua za kwetu. Ulipofika wakati wa mimi kuuliza habari za ndani, mwenye nyumba alikohoa kidogo akaniongezea kahawa. Nyuma ya pazia niliisikia nyumba yenyewe, vyombo vikigongana, cherehani ikikimbia, watoto wakikemewa. Nyumba za Mji wa Kale ziko ndani, na ndani ni kwa wanawake. Hilo nilikuwa nimelisoma vitabuni tangu zamani. Sikuwa nimefikiri kwamba litanihusu mimi pia, mtu mwenye barua ya chuo kikuu.

Siku moja nilikuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa nguo, nimekaa kwenye kiti kilichochongwa vizuri kuliko mlango wa nyumba yetu Tabora, tulikozaliwa mimi na mke wangu, nikitafuta maneno ya adabu ya kumwuliza nyumba yake ina vyumba vingapi. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakicheka. Katikati ya vile vicheko kimoja nikakitambua. Kilikuwa cha mke wangu. Alikuwa upande wa pili wa kitambaa kile, pengine amekaa kitandani, pengine anazitazama zile dari za boriti nilizokuwa nikiota kuziona, na alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za uchumba. Mfanyabiashara aliniuliza kama kahawa imekuwa kali mno. Nikamwambia hapana, ni mafua.

Orofa yetu ya juu tuliipanga kwa bibi mmoja mjane, wa ukoo wa Kiarabu uliotulia Mombasa tangu enzi za babu wa babu zake. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyekosa kuisikia. Tulimwita Mama, kama mtaa mzima ulivyomwita. Yeye na mabinti zake walikaa chini, na katika chumba kimoja alikuwa ameweka vyerehani, akikusanya wasichana wa mtaani wajifunze kushona. Mwalimu wao alikuwa ameolewa akahamia Malindi. Nadhani Mama alijua kazi ya mke wangu kabla hatujamaliza kupandisha masanduku.

Kila alipomtaka mke wangu, Mama hakumwita yeye. Alipanda ngazi hadi pale zinapopinda, akasimama nisipoweza kumwona, akaniita mimi.

"Hodi juu! Bwana yupo?"

"Nipo, Mama. Karibu."

"Umeamkaje, mwanangu? U mzima? Kazi yako yaendelea?"

"Nimeamka salama, Mama. Yaendelea."

"Alhamdulillahi. Twaja kukuomba ruhusa. Leo kuna hitima hapo kwa jirani, twataka kumtwaa bibi atusindikize. Tutamrejesha kabla ya magharibi, inshallah."

Alilisema hilo kama mtu anayeazima sinia zuri la arusi na anajua thamani yake. Mimi nilijibu, "Hakuna ubaya, Mama, mchukueni." Jioni ya siku hizo mmoja wa mabinti alipanda na sahani iliyofunikwa kwa kawa, akaiweka kwenye kidato cha juu cha ngazi, akasema bila kuonekana, "Chakula cha mwenyewe." Mwenyewe ni mimi. Nilikula pilau, nilikula samaki wa kupaka, nilikula mahamri na mbaazi za nazi, na nikajidanganya kwamba wananionea huruma kwa njaa.

Sasa, mimi ni mtu wa mawazo ya kisasa. Chuoni nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kusema kwamba mwanamke si mali ya mumewe, na nilipigiwa makofi. Kusimamiwa kwenye ngazi na bibi mzima akiniomba ruhusa ya mke wangu, mwalimu aliyesomesha watoto wa watu, kulinikera. Na tusidanganyane, kulikuwa na jingine pia. Nilichoka kugawa huku natabasamu. Kila hodi ilimaanisha kwamba yeye anaingia mahali ambapo mimi siingii, nami ndiye ninayemfungulia mlango.

Basi siku moja, ilikuwa Alhamisi, Mama aliposimama kwenye kona yake na kuanza "twaja kukuomba," nilimkatiza.

"Mama, nakusihi usijichoshe tena na ngazi kwa ajili hii. Mke wangu ni mtu mzima. Haombi ruhusa kwangu, na nyinyi msiniombe. Mkimtaka, mchukueni. Akitaka kwenda aende, akitaka kurudi arudi. Mimi sina neno."

Ngazini kukawa kimya. Nilidhani anatafuta namna ya kunishukuru.

"Ewaa," alisema mwishowe. "Tumesikia, mwanangu." Nikamsikia akishuka, taratibu kuliko alivyopanda.

Mke wangu alikuwa mlangoni mwa chumba, buibui limefika mabegani. Nilimgeukia nikiwa nimejitayarisha kupokea sifa. Alinitazama, akavuta buibui hadi kichwani, akashuka. Nikasema moyoni, ni mshangao huo, hajazoea uhuru.

Toka siku hiyo sikuombwa tena. Wala sikuletewa sahani. Hilo la sahani lilinichukua muda kulielewa, lakini lilikuwa na mantiki yake, maana nani humpelekea asante mtu ambaye hakumwomba kitu? Jioni nilishuka kununua viazi vya karai kwenye kona, mbele ya baraza, na wanaume wote wakaona kwamba jirani yao msomi, mwenye mke, anabeba chakula chake kwenye gazeti. Walinisalimu kwa upole mkubwa zaidi. Upole ule sikuupenda.

Yeye sasa alikuwa wa chini. Asubuhi aliwafundisha wale wasichana kushona, alasiri alikwenda na Mama kwenye arusi, kwenye matanga, kwa mzazi aliyejifungua, kwa mgonjwa. Kwenye mtaa wenye msikiti karibu kila uchochoro, mimi nilisikia habari za kifo kutoka kwa mke wangu, nikaenda mazikoni nikiwa wa mwisho. Watu walianza kunitambulisha kwa wageni wao: "Huyu ni mume wa yule bibi wa kushona." Mimi! Nilikuwa nimechapisha makala nje ya nchi.

Alirudi jioni nguo zake zimefukizwa udi. Siku moja alirudi na hina miguuni, imechorwa vizuri hadi kwenye vifundo vya miguu, na mimi nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kutiwa hina ilikuwa arusi yetu. "Kwa ajili ya nani?" nilimwuliza. Akacheka. "Tulikuwa tumekaa tu," alisema, "wakanitia." Hata maneno yalianza kugeuka. Akasema fulani "yuwaja" na mambo fulani yalitokea "mtana." Nikamwambia, mchana. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea mlango, akasema, "Haya, mchana," akaendelea kumenya vitunguu.

Nilimwomba anichoree ile nyumba ya mfanyabiashara wa nguo. Sikutaka mengi: vyumba vya ndani vimepangwaje, ua uko wapi, madirisha yanatazama nini. Nilimwekea karatasi na kalamu ya risasi iliyochongwa.

"Nikikuchorea," alisema, "kesho nitaingiaje?"

"Nani atajua?"

"Mimi."

Nilikasirika hadi nikatoka nje bila viatu, nikalazimika kurudi kuvichukua, jambo ambalo linaharibu hasira ya mtu yeyote. Nilitembea hadi Makupa kwenye malori, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua mke wa mtu, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikaula nimesimama. Nilifikiri, huyu ni mke wangu, na mji huu ni kazi yangu, na vyote viwili vimekwenda kukaa chumba kimoja vikafunga mlango.

Habari kamili niliipata kwa fundi wa kanzu. Alikuwa na cherehani yake pembeni mwa baraza, mtu mnene mwenye maneno, peke yake katika wale wanaume ambaye adabu haikumzuia kuongea. Nilikwenda kupimwa kanzu kwa kuwa mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni na nilitaka kuondoka na kitu.

"Hii utasafiri nayo?" aliniuliza, pini mdomoni.

"Nitasafiri nayo."

"Basi nitaiwahisha. Wewe wenda zako, na bibi yuwabaki."

Alilisema kama mtu anayetaja kwamba kesho Ijumaa. Nikamshika mkono uliokuwa na utepe wa kupimia.

"Nani amesema anabaki?"

"Yakhe, mtaa mzima wajua! Wewe mwenyewe hukuwaambia wamtwae?"

"Niliwaambia wasiniombe ruhusa!"

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake.

"Mtu akiwa na kitu akipendacho, huombwa," alisema. "Akisema msiniombe, chukueni, sisi twafahamu hana haja nacho. Wewe ulifahamu vipi?" Akanipiga bega kunifariji. "Usihofu, bwana. Mwanamke kama yule hakosi wa kumstiri."

Kuanzia hapo nikawa kichaa. Sitafuti neno jingine. Nilianza kukaa barazani kutwa, nikaitwa mwenyeji kwa mara ya kwanza, na kumbe nilikuwa nalinda mlango. Mpwa wa Mama, mfanyakazi wa gatini Mbaraki aliyefiwa na mkewe, alileta samaki, changu, kila Ijumaa. Kwa nini kila Ijumaa? Kwa nini changu, samaki ambaye mke wangu alimsifu mbele yangu? Mwadhini wa msikiti wa karibu alikuwa na sauti nzuri, na mke wangu aliwahi kusema ni nzuri. Nikawa nasikia adhana nimenuna, Mungu anisamehe. Nilimwonea wivu muuza kahawa kwa kuwa mlango wa chini ulimfungukia haraka. Niliwaonea wivu hata wasichana wa kushona, watoto wa watu, kwa kuwa walimshika mkono akiwaonyesha namna ya kupindisha ukosi. Na wanaume barazani waliendelea kunisalimu kwa ule upole, na sasa niliujua ni upole gani. Ndivyo wanavyosalimiwa wafiwa.

Nilimkuta juu siku moja kabla ya adhuhuri, amekaa dirishani anakata kitambaa. Sikuzunguka.

"Unabaki?"

Mkasi haukusimama mpaka ulipofika mwisho wa mstari. "Nimeambiwa nibaki," alisema. "Sijajibu."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Mama. Nifundishe. Kule shuleni kwangu nina mwalimu mkuu anayenihesabia chaki. Hapa hakuna anayenihesabia kitu."

"Na mimi? Nina mwaka mzima nakutazama ukiingia kwenye nyumba za watu. Unajua ninavyojisikia? Nakuonea wivu. Nawaonea wivu wao. Walikupenda tangu siku ya kwanza na mimi wakaninywesha kahawa."

Hapo ndipo aliponitazama, na sikuona hasira, niliona mshangao.

"Siku ya kwanza walikuwa wananikaribisha tu," alisema. "Ndiyo desturi yao, wanamkaribisha kila mtu. Unataka kujua walianza lini kunipenda? Siku ile uliyomwambia Mama asipande tena ngazi. Nilishuka chini nikakuta wamenyamaza. Wote walikuwa wamesikia. Mama alinikalisha karibu naye akanishika mkono. Binti yake mmoja alitoka nje kwenda kulia. Nilikuwa sielewi. Mwishowe mmoja akaniambia: mume wako amesema huna wa kukuulizia."

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema akitaka kurudi arudi."

Nilijua nimesema.

"Walinionea huruma," akaendelea. "Hayo yote unayoyaonea wivu, hina na udi, yalianza kwa huruma. Niliwaeleza. Niliwaambia huyu ni msomi, wasomi ndivyo walivyo, alikuwa ananiheshimu. Walinisikiliza kwa adabu. Lakini ukieleza jambo kila siku, unafika mahali unajisikiliza mwenyewe. Nikaanza kujiuliza kama kweli una haja na mimi. Hukuniuliza ninakwenda wapi. Uliniuliza vyumba viko vingapi."

Nilitaka kubishana. Nina uwezo wa kubishana. Ndiyo kazi inayonilisha. Nikashuka ngazi badala yake, haraka, kabla akili haijaniwahi, nikapita pale zinapopinda, nikasimama mbele ya pazia la Mama. Ndani vyerehani vilikuwa vinakwenda.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Kuna nini?"

"Mama, nimekuja kuyarudisha maneno yangu. Nataka niwe naombwa."

Cherehani moja ikasimama, kisha ya pili, kisha zote.

"Uombwe nini?"

"Mke wangu. Mkimtaka, mniombe mimi. Kama zamani."

"Na tukikuomba, utatupa?"

"Mara nyingine nitawanyima."

Kuna aliyecheka ndani, akanyamazishwa. Nyuma yangu nikasikia nyayo; mke wangu alikuwa ameshuka, akanipita bila kunigusa, akaingia ndani ya pazia upande wa wenzake.

"Sasa wasema," Mama alisema. "Basi twaanza leo. Bwana, twaja kukuomba ruhusa. Wewe nenda zako salama, utuachie bibi. Mjukuu wangu yuwaolewa baada ya Ramadhani, na wasichana hawa hawajamaliza. Mwaka mmoja tu. Kisha tutamrejesha sisi wenyewe, kwa mikono miwili, hadi Dar es Salaam."

Nilikuwa nimeomba niombwe, nikaombwa. Na hakuniomba hitima ya jirani, aliniomba mwaka. Nilijua jibu ambalo watu wa chuoni wangelipigia makofi. Nililijua kwa moyo, kwa kuwa nililitunga mimi. Niliona nikilitoa nitapanda basi peke yangu nikiwa mtu wa kisasa kabisa, na nyumbani Dar es Salaam nitakula viazi vya kununua na kumsimulia kila mgeni jinsi ninavyomwamini mke wangu.

"Hapana," nikasema.

"Ati?"

"Siwapi. Hata mwezi siwapi. Namtaka mwenyewe. Nimewaonea wivu mwaka mzima, Mama, wewe na mabinti zako na huyo wa changu na vyerehani vyenu, na nimechoka. Ni mke wangu. Nampenda. Siwapi."

Sikuwahi kusema maneno ya namna ile mbele ya mtu, sembuse mbele ya pazia lenye watu sijui wangapi. Masikio yaliniwaka moto. Ndani kukazuka minong'ono, na vigelegele vifupi vilivyokatizwa katikati, na Mama akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Nikatabasamu, mimi na pazia. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Mmeombana," ilisema sauti ya mke wangu, "mkanyimana, mkafurahi. Na mimi? Mbona hapana aniulizaye?"

Minong'ono ikafa. Nilisogea karibu na kitambaa hadi nikasikia harufu ya mafuta ya mashine.

"Utakwenda nami?" nikauliza.

Nikasikia kiti kikivutwa, kisha cherehani moja ikaanza, ikashona mshono mrefu hadi mwisho, ikasimama. Uzi ukakatwa.

"Ntakwenda," alisema.

Wanawake walilia, si kwa ajili yangu. Nilipanda juu peke yangu na ushindi ambao sikujua niuweke wapi, nikaanza kufungasha karatasi za kitabu ambacho, nikisema kweli, kilikuwa na milango mizuri sana na hakikuwa na vyumba.

Siku ya safari walimsindikiza wote hadi Likoni. Wanaume wa barazani waliniaga kwa salamu zote tangu mwanzo hadi mwisho, na fundi akaniletea kanzu yangu, fupi kidogo. Mama alinishika mkono kwa mara ya kwanza, kupitia ukingo wa buibui lake, akaniambia nimtunze. Mke wangu alikumbatiwa na kila mtu, wengine mara mbili. Kivukoni alisimama nyuma, kwenye reli, akitazama kisiwa. Nilimpa nafasi yangu ya kivuli, akasema ahsante, hakusogea. Hata hapo, katikati ya maji, nikiwa nimemshinda kila mtu, roho iliniuma kwa namna alivyokuwa anatazama.

Kwenye basi hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nikawa sina kazi. Aliniuliza kama nina njaa, akanimenyea chungwa, tukaongea habari za mabati ya nyumba yetu na mvua. Alikuwa mwema kwangu njia nzima, kama mtu anavyokuwa mwema kwa abiria mwenzake.

Mpakani tulishuka na hati zetu mkononi. Upande wa Kenya walitugongea muhuri bila kutuinulia macho. Upande wetu alikuwepo afisa kijana, mchangamfu, anayependa maongezi. Alifungua hati ya mke wangu, akaitazama, akamtazama yeye: buibui, hina iliyoanza kufifia vidoleni, ile namna mpya ya kusimama.

"Karibu, mama," alisema. "Kwenu wapi?"

Lilikuwa swali la kupitisha muda, jibu lake liliandikwa kwenye karatasi aliyoishika. Mke wangu alifungua kinywa, akakifunga. Afisa akangoja, tabasamu bado liko usoni. Nyuma yetu watu walisogea na mizigo yao. Nilimtazama, na nikaona kwamba alikuwa analifikiria kweli, kwamba angehitaji muda kidogo tu, na kwamba sikutaka kulisikia jibu.

"Tabora," nikasema mimi.